Alexander Mackay, Fundi Aliyefungua Karakana Kando ya Ziwa

Katika mji wa Mpanda, na katika bandari za Karema na Ikola, hapana mtu anayetafutwa kwa haraka kuliko fundi wa injini. Pikipiki iliyombeba mgonjwa ikikataa kuwaka, mashine ya kusaga ikizimika siku ya gulio, au boti ya wavuvi ikinyamaza usiku katikati ya Ziwa Tanganyika, hapo hapaulizwi cheo wala elimu ya mtu. Huulizwa tu kama fundi yupo. Lakini haja ikishakwisha, fundi huyo husahauliwa. Hana cheti, kiwanja chake cha kazi ni kivuli cha mwembe, na ujuzi wake wote umo katika vidole vyake. Siku akifariki, ujuzi huo huzikwa pamoja naye.

Ndugu wasomaji, jambo hili si geni katika nchi zetu za maziwa. Yafaa basi tukumbuke maisha ya mtu mmoja aliyekwisha kufa zaidi ya miaka 130 iliyopita, ambaye jina lake linajulikana sana katika historia ya Uganda na ya Tanzania, lakini hujulikana zaidi kwa habari za dini kuliko kwa kazi ya mikono yake. Mtu huyo ni Alexander Mackay, Mskoti, mhandisi na mmisionari, ambaye wenyeji walimwita Mzungu wa kazi. Habari za mahubiri yake tunawaachia wanaohusika. Sisi leo tunamtazama kama fundi.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, kaskazini mwa Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji na mtaalamu wa jiografia, na ndiye aliyemfundisha nyumbani hadi mtoto alipofikia umri wa miaka 14. Baba alitaka mwanawe awe msomi wa vitabu, lakini moyo wa mtoto ulikuwa kwa mhunzi, kwa seremala na kwa kila kitu kilichozunguka. Alikuwa radhi kutembea mwendo mrefu hadi stesheni ili aitazame injini ya gari moshi kwa dakika chache tu, kisha arudi kwa miguu. Alipopewa matbaa ndogo ya mkono, alijifunza kupanga herufi na kuchapa. Elimu hiyo ya utotoni, ambayo wengi wangeiita mchezo, ndiyo iliyokuja kumfaa baadaye mahali pasipokuwa na duka wala kiwanda.

Alisoma ualimu mjini Edinburgh, kisha akajifunza uhandisi katika chuo kikuu cha mji huo, na wakati huo huo akafanya kazi ya mikono katika kiwanda cha mashine huko Leith. Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani, akawa mchoraji wa mitambo katika kiwanda kimoja mjini Berlin, na baada ya muda si mrefu akapewa kuongoza idara ya injini za gari moshi. Maisha mema yalikuwa mbele yake. Lakini mwezi Novemba 1875 gazeti la London lilichapa barua ya msafiri Stanley kutoka kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, ikiomba walimu, na hasa walimu wanaojua kazi za mikono. Mackay aliomba kwenda, akakubaliwa, na mwisho wa mwezi Mei 1876 akatia mguu Unguja.

Ndugu zetu wa visiwani wanajua maana ya Unguja katika zama zile. Ilikuwa ndiyo lango la safari zote za bara, na Kiswahili chake ndicho kilichokuwa ufunguo wa kila njia. Mackay alijifunza lugha hiyo, na ndiyo aliyoitumia baadaye alipozungumza mbele ya Kabaka, kwa kuwa watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuifikisha kule kabla yake, pamoja na kusoma na kuandika.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya injini. Msafara wao ulikuwa umeleta boti ndogo ya mvuke iliyoitwa Daisy, iliyotengenezwa kwa vipande ili iweze kufunguliwa na kubebwa mabegani mwa wapagazi. Mackay na wenzake waliiunga, wakaijaribu katika mto Wami na mto Kingani, ambao leo twauita Ruvu, wakitumaini kupata njia ya maji ya kuelekea bara. Mito hiyo haikufaa kwa safari. Ilibidi kila kitu, tangu misumari hadi boila, kiende kwa kichwa na mabega ya binadamu.

Akiwa njiani, Mackay aliugua sana, akarudishwa pwani. Alipopona hakukaa bure. Mwaka 1877 alisimamia ukataji wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, mwendo wa zaidi ya maili 200, kwa nia ya kupitisha magari ya kukokotwa na ng'ombe. Barabara ilikatwa, lakini mbung'o waliwaua ng'ombe. Hapa kwetu Katavi tunalo somo la namna hiyo hiyo kutoka miaka ile ile. Mwaka 1879 Wabelgiji walianzisha kituo chao Karema, na mwaka huo wakaleta tembo 4 waliofunzwa kutoka India ili wajaribu kuchukua mizigo badala ya wapagazi. Tembo mmoja tu ndiye aliyefika Karema, na hakuishi muda mrefu. Wote hao, wa barabara na wa tembo, walikuwa wakipambana na swali moja ambalo mkoa wetu umelijua tangu zamani: chombo kikiharibika mbali na pwani, nani atakitengeneza, na kwa kipuri gani?

Jibu la Mackay lilionekana Kageye, kusini mwa Ziwa Viktoria, alipofika mwezi Juni 1878. Alikuta mali ya msafara imetupwa ovyo: vyuma vya mashine vimechanganyika na vitabu, boila na zana za uhunzi zimelala chini, na Daisy yenyewe imepasuka kwa jua na kuliwa na wadudu. Viongozi wawili wa msafara, Shergold Smith na O'Neill, walikuwa wamekwisha kuuawa katika kisiwa cha Ukerewe mwezi Desemba 1877, kwa ugomvi uliohusu mfanyabiashara mmoja na chombo chake. Mackay alivuka kwenda Ukerewe, akazungumza na mtawala wa kisiwa, Lukonge, akasuluhisha, akarudi salama. Kisha akakaa chini, akakipanga kila kipande, akaanza kutengeneza.

Safari ya kwenda Buganda haikuwa nyepesi. Dhoruba iliitupa Daisy ufukoni na kuivunja vibaya. Hapakuwa na mbao za kufaa wala mahali pa kuagiza. Mackay aliamua jambo ambalo kila fundi wa kwetu atalielewa mara moja: alikata sehemu ya katikati ya boti, kiasi cha futi 8, akaiunganisha tezi na omo, na mbao zilizotoka katikati akazitumia kuziba mahali palipovunjika. Kazi hiyo ilichukua majuma 8. Boti ikawa fupi, lakini ikaelea, na mwezi Novemba 1878 akafika Buganda.

Huko Natete, karibu na ikulu ya Kabaka, alifungua karakana. Ndani yake mlikuwa na tanuri ya mhunzi yenye mivukuto, fuawe, jiliwa, jiwe la kunolea na mashine ya kukereza. Watu walijaa mlangoni kutazama. Wahunzi wa Buganda walikuwa mafundi hodari wa kufua chuma tangu enzi za mababu zao, na kufua si jambo lililowashangaza. Kilichowashangaza ni gurudumu: kwamba mguu au mkono unaozungusha gurudumu unaweza kukifanya chuma kigumu kizunguke na kumenywa kama muwa, hadi kiwe mviringo kamili.

Hapa yafaa tueleze kidogo siri ya kazi hiyo, kwa maana ndiyo shina la ufundi wote wa injini. Mhunzi huumba chuma kwa jicho na nyundo. Mkerezaji huumba chuma kwa kipimo. Kipande hufungwa katikati ya mashine, hukaguliwa kama kinazunguka bila kuyumba, na kisu cha chuma kigumu husogezwa kidogo kidogo. Ukikata kingi mno kwa mara moja, kisu huvunjika au kipande hupinda. Ukikata kabla ya kusawazisha kitovu, utapata mviringo upande mmoja na yai upande wa pili. Pistoni inayopwaya ndani ya silinda hupoteza nguvu, na inayobana hukwama. Baina ya kupwaya na kubana pana nafasi ndogo kuliko unene wa ukucha, na nafasi hiyo ndogo ndiyo inayomtofautisha fundi na mbahatishaji.

Mackay hakuificha elimu hiyo. Vijana waliokuja kujifunza kusoma aliwaonyesha pia tupa, nyundo na msumeno. Alichimba kisima na kukitia pampu, na watu waliozoea kuyafuata maji bondeni walistaajabu kuyaona yakipanda juu yenyewe. Alichonga herufi za mbao kwa mkono wake ili kuchapa karatasi za kusomea, na ile matbaa ya mkono ya utotoni ikawa imezaa matunda. Mwaka 1882, alipofariki mama yake Kabaka, Muganzirwazza, Mackay alitakiwa atengeneze jeneza la heshima ya kifalme. Yalitengenezwa majeneza matatu, moja ndani ya jingine, na lililokuwa katikati lilikuwa la shaba. Alifanya kazi hiyo kubwa pamoja na mafundi wa ikulu.

Ujuzi huo ulimlinda, na pia ulimfunga. Mutesa alifariki mwaka 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga. Mwezi Januari 1885 waliuawa vijana watatu wa misheni, na mwezi Oktoba mwaka huo huo akauawa Askofu Hannington aliyekuwa njiani kuja. Mackay aliponea chupuchupu mara nyingi, na sababu mojawapo ni kwamba Kabaka alimhitaji kwa kazi za mikono. Kwa sababu hiyo hiyo hakuruhusiwa kuondoka kwa urahisi hadi mwezi Julai 1887. Hapo alivuka ziwa, akaweka makazi Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, katika ardhi ambayo leo ni ya Tanzania.

Karakana ya Usambiro ndiyo iliyokuwa kilele cha kazi yake. Stanley alipopita hapo mwaka 1889 akirudi pwani pamoja na Emin Pasha, alikuta ua uliojaa kazi: mashine na zana ndani ya banda imara, magogo ya miti migumu na mashimo ya kupasulia mbao, mtumbwi mkubwa ukitengenezwa, na boila ya boti mpya ya mvuke ikishughulikiwa na wahunzi. Boila haina mzaha. Mabamba hukunjwa, matundu yake lazima yalingane, ribiti hupashwa moto hadi ziwe nyekundu na kugongwa zingali moto, ili zikipoa zijibane na kuyakaza mabamba. Palipolegea, mvuke hutoka. Na palipo dhaifu kabisa, boila hupasuka na kuua. Kazi ya namna hiyo ilikuwa ikifanyika mbali na pwani, mwendo wa miezi kwa miguu, katika mwaka ambao reli haikuwa imefika popote katika nchi za maziwa.

Tarehe 8 Februari 1890 Mackay alifariki Usambiro kwa homa ya malaria, akiwa na umri wa miaka 40. Hakuwahi kurudi kwao tangu alipoondoka mwaka 1876. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, mjini Kampala, yakazikwa upya huko.

Haki hutaka tuseme pia upande wa pili. Mackay alikuwa mtu wa zama zake na wa taifa lake. Aligombana vikali na wafanyabiashara wa pwani katika baraza la Kabaka, na aliandika kuitaka Uingereza iingilie mambo ya Buganda. Mwaka 1894 Uganda ikatangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza, na reli aliyoishauri kutoka Mombasa hadi ziwani ilipokamilika mwaka 1901 ilibeba utawala wa kigeni kabla ya kubeba faida ya mwananchi. Hayo hatuyafichi. Lakini tupa haina taifa, wala kipimo hakina bendera. Kilicho chema katika kazi ya mtu hutwaliwa, na kilicho kibaya huandikwa ili kisirudiwe.

Basi somo lenyewe ni lipi kwetu sisi wa Mpanda?

Mackay alikuwa mtu wa mvuke. Injini ya mvuke huwashiwa moto nje ya silinda, na fundi huuona moto huo kwa macho. Lakini tarehe 29 Januari 1886, Mackay akiwa bado Buganda, Karl Benz aliomba hataza huko Ujerumani kwa ajili ya gari lake la magurudumu matatu, ambalo moto wake uliwaka ndani ya silinda kwa cheche ya umeme. Ndiyo asili ya pikipiki na boti zinazotuhudumia leo kutoka Inyonga hadi Karema. Kazi ya fundi haikuwa rahisi zaidi. Ilikuwa ngumu zaidi, kwa maana sasa moto hauonekani.

Katika injini ndogo za aina ya zamani, sumaku iliyo ndani ya gurudumu la injini hupita karibu na koili na kuzaa umeme. Pointi mbili zinapoachana, umeme huo hukatika ghafla, na hapo ndipo nguvu kubwa hurukia plagi na kutoa cheche. Cheche hiyo yapasa itoke kabla kidogo ya pistoni kufika juu kabisa. Ikiwahi mno, injini hugonga na kupiga teke. Ikichelewa, nguvu hupotea na joto huzidi. Fundi asiyefunzwa husugua pointi kwa msasa, akaona cheche, akafurahi, akafunga. Hajui kwamba akibadilisha nafasi baina ya pointi amebadilisha pia saa ya cheche yenyewe. Injini itawaka pale gatini, lakini itamwangusha mwenye boti akiwa mbali na nchi kavu. Katika injini za siku hizi kisanduku cha elektroniki kimechukua kazi ya pointi, lakini plagi bado hutaka nafasi yake, ambayo kwa pikipiki nyingi ni kati ya milimita 0.6 na 0.8, na waya uliopasuka ngozi bado huivujisha cheche unapolowa maji ya ziwa.

Jambo hili linahusu uhai wa watu. Wavuvi wa Ikola, wasafiri wa Ukerewe na mabaharia wa Unguja na Pemba wote huweka roho zao mikononi mwa mtu aliyefungua injini jana yake. Kama mtu huyo alifunzwa kwa kipimo, watafika. Kama alifunzwa kwa kubahatisha, wamo katika hatari wasiyoijua.

Kwa hiyo tunasema na viongozi wa ngazi zote. Serikali iliunda SIDO mwaka 1973 ili kusaidia viwanda vidogo, na VETA kwa sheria ya mwaka 1994 ili kusimamia mafunzo ya ufundi. Upo utaratibu wa VETA wa kumpima na kumpa cheti fundi aliyejifunza kazi mtaani. Utaratibu huo hauna budi kumfuata fundi hadi Karema, Mishamo na Majimoto, wala usimngoje mjini. Halmashauri zinapopanga miji, zitenge viwanja vya karakana, ili fundi asiwe mtu wa kufukuzwa kila mwaka. Mikopo ya asilimia 10 inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu isiishie katika biashara ya kuuza tu. Kikundi cha vijana chenye mashine moja ya kukereza kinaweza kuokoa pampu za maji za wilaya nzima zisingoje kipuri kutoka Dar es Salaam.

Kwa mafundi wenyewe nasi tuna neno. Wapo wanaogeuza mgongo wanapopanga saa ya cheche ili mwanafunzi asione, wakihofia kunyang'anywa riziki. Mackay alifanya kazi mlango ukiwa wazi. Alikufa mapema, bila mtoto wala mali, lakini siku ile boila ya Usambiro ilikuwa imekwisha kuwa na mikono mingine iliyoijua nyundo. Shime basi, kila fundi wa Katavi awe na kijana mmoja pembeni yake, na daftari moja la vipimo lenye kuandikwa kila siku: nafasi ya plagi, nafasi ya valvu, kipenyo cha pistoni, ugonjwa wa injini na dawa yake. Daftari hilo ni senti chache. Asipoliacha, mwanafunzi wake ataanza upya pale pale yeye alipoanzia.